Jibu: Mdogo wako kulipwa dola 3.50 kwa saa huko Marekani

Ndugu, umeuliza kama ni halali mdogo wako mwenye ulemavu kulipwa dola 3.50 kwa saa. Inaweza kuwa halali, ila usikubali kirahisi. Kifungu 14(c) cha sheria ya kazi ya 1938 kinamruhusu mwajiri mwenye cheti cha Wizara ya Kazi kumlipa mfanyakazi mwenye ulemavu chini ya dola 7.25 kwa saa, yaani kima cha chini cha taifa. Angalia na jimbo: Alaska, Maryland na New Hampshire zimeshapiga marufuku.

Omba karatasi za upimaji wa kazi, maana hapo ndipo watu huonewa. Tuseme mzoefu asiye na ulemavu hukunja maboksi 60 kwa saa, na eneo hilo hulipa dola 14. Mdogo wako akikunja 15, ni robo ya kazi, hivyo analipwa robo ya dola 14, yaani 3.50. Je, hiyo 60 ilipatikanaje? Msimamizi akikimbiza mikono dakika tano kisha akazidisha kwa 12, hesabu imeharibika. Uchovu na mapumziko hutengewa kwa kawaida dakika 9 hadi 10 kila saa. Maboksi yakiwekwa mbali na meza yake, anapimwa kutembea, si kukunja. Anayelipwa kwa saa lazima apimwe upya angalau kila miezi 6.

Wakikataa kurekebisha, yeye mwenyewe au mlezi wake ana haki ya kuiomba Wizara mshahara huo upitiwe na hakimu.