Kabla ya kuweka dau, hesabu namna za kukosa

Nilikuwa na miaka 19 nilipoacha nauli yangu ya kurudi nyumbani kwenye meza ya dadu mnadani. Mchezo wenyewe hauna ugumu. Unachagua namba, 1 hadi 6, unaweka dau, mwenye meza anatikisa dadu tatu ndani ya kikombe. Namba yako ikitokea kwenye dadu moja, unarudishiwa dau na kuongezwa kiasi kilekile. Ikitokea kwenye mbili unaongezwa mara mbili ya dau, na kwenye zote mara tatu. Nikapiga hesabu ya haraka: kila dadu ina nafasi moja kati ya sita, dadu ni tatu, basi ni nusu kwa nusu, na zile mbilimbili ni faida yangu.

Hesabu hiyo ni mbovu. Kama nafasi zingejumlishwa hivyo, dadu sita zingekuhakikishia ushindi. Rusha sita nyumbani uone: karibu mara 1 kati ya 3, namba yako haitakuwepo kabisa.

Anza na kukosa, maana ndiko kwepesi kuhesabu. Dadu tatu huanguka kwa namna 6 × 6 × 6, yaani 216. Ili ukose, kila dadu lazima ioneshe mojawapo ya namba 5 zilizobaki: 5 × 5 × 5, yaani 125. Za kushinda zinabaki 91, kama asilimia 42. (Pascal na Fermat, wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, waliandikiana kuhusu maswali ya dadu ya namna hii mwaka 1654, kwa hiyo usione aibu yakikutatiza.)

Sasa tazama fedha. Katika hizo 91, namba yako inatokea mara moja kwa namna 75, mara mbili kwa namna 15, na mara tatu kwa namna 1 tu. Chukua dau la shilingi 1,000, raundi 216, kila namna itokee mara moja. Utaingiza 75,000, kisha 30,000, kisha 3,000: jumla 108,000. Utapoteza 125,000. Mwenye meza anabaki na 17,000 zako bila kuchezea dadu wala kikombe.

Mimi siku ile niling'ang'ania namba 4. Nilipoikosa mara sita mfululizo niliongeza dau, nikiamini zamu yake imefika. Raundi ya saba ilikuja na namna zilezile 125 za kukosa. Nilitembea hadi usiku.

Mdogo wangu alipoanza kuizungukia meza kama ile, sikumgombeza. Tulikaa mkekani na dadu tatu na maharage 40, nikawa mwenye meza, tukacheza raundi 216 kwa dau la harage moja moja, kila raundi tukiiandika daftarini. Alibaki na 27. Akaomba daftari, akaanza kuhesabu mwenyewe.