Kwa mwanangu Yasini, kuhusu mofini ya baba yako

Mwanangu Yasini,

Wa alaykum salaam. Umeuliza kwa nini tumekubali baba yako apewe mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, ilhali huko Marekani unaona watu wanazikwa kwa dawa za jamii hiyo ya afyuni. Unaogopa tusije tukamfanya teja uzeeni. Una haki ya kuuliza.

Hukumwona kabla hajaanza. Saratani ya tezi dume imeshaingia nyonga na uti wa mgongo. Alikuwa hawezi kulala chali wala ubavu. Usiku kucha yuko kwenye kiti, ameng'ata pindo la shuka ili wajukuu wasimsikie. Panadol hazikufua dafu, na tramadoli ilimtuliza siku chache tu. Leo anaswali kwa kuketi, anamaliza matoke yake, na akisikia habari za siasa redioni anabishana nayo kama zamani. Ugonjwa uko palepale, maana mofini haitibu saratani. Lakini ikipimwa vizuri haimharakishii mtu kifo, usiwasikilize wanaosema ukipewa mofini ujue umeshaagwa.

Huko kwenu mambo yalianza kwingine. Tangu miaka ya 1990 kampuni za dawa ziliwashawishi madaktari kwamba vidonge hivi havileti uraibu kwa urahisi, vikaandikwa hata kwa mgongo na jino. Kisha ikaja heroini, na baadaye fentanili ya magendo, dawa ya jamii hiyohiyo iliyo kali zaidi. Hapa Uganda shida yetu kwa miaka mingi ilikuwa kinyume: wagonjwa walikufa wakipiga kelele kwa kukosa dawa. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, na mofini ikawa inachanganywa hapahapa, unga kwa maji, mgonjwa anakunywa. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa zimethubutu. Mgonjwa haiuziwi. Mimi nasema katika hilo nchi yetu ilionyesha akili kuliko matajiri wengi.

Sasa hatari, maana zipo. Siku za kwanza alisinzia sana na kichefuchefu kikamsumbua, vyote vikapungua. Kufunga choo hakupungui hata siku moja, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo anakunywa kila siku pamoja na mofini, na muuguzi akija swali lake la kwanza ni hilo. Baba yako anaona haya mbele ya mabinti. Mimi sioni, namjibia. Mwili wake pia umeizoea dawa, ndiyo maana haturuhusiwi kuikata ghafla: angetoka jasho, angeharisha na kutetemeka. Huko si kuwa teja. Teja huitamani dawa na kuifukuzia hata ikimharibia maisha. Baba yako mimi ndiye ninayemkumbusha. Sikuambii uraibu hauwezekani, ila kwa mtu mwenye maumivu ya saratani anayefuatiliwa hivi, si hofu yangu kubwa.

Hofu yangu kubwa ni pumzi. Dawa ikizidi, mtu hulala usingizi usioamshika, mboni za macho zikawa kama tundu la sindano, pumzi zikachelewa. Nikiona hivyo simpi dozi inayofuata, napiga simu mara moja na kumkimbiza hospitali. Figo zikilegea dawa hubaki mwilini, na hapo dozi ya jana yaweza kuwa nyingi leo. Baba yako mdogo alileta vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa, eti vimsaidie. Nilimrudishia mkononi! Hivyo na mofini pamoja, au pombe na mofini, ndivyo watu wanavyoacha kupumua.

Dozi napima mwenyewe kwa sirinji isiyo na sindano, naiinua kwenye mwanga wa dirisha mpaka mstari ulingane. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa maradufu, kama walivyoagiza, ili asiamshwe usiku wa manane. Hatungoji maumivu yarudi. Yakimchoma katikati, anayo dozi ya ziada, na naiandika kwenye daftari. Muuguzi akiona zimekuwa nyingi ndiye anayebadilisha kipimo, si mimi. Chupa iko kabatini na ufunguo ninao. Dawa yenyewe imetiwa rangi, watoto wangedhani sharubati.

Mofini peke yake haiyamalizi maumivu ya mifupa, kwa hiyo amepangiwa pia tiba ya mionzi katika hospitali ya Mulago. Hapo ndipo msaada wako unahitajika: nauli ya gari, maana bodaboda nyonga zake haziwezi. Tuma hiyo. Vidonge vya huko usitume hata kimoja, nguvu zake ni nyingine na forodhani utatuletea kesi. Na ukimpigia simu, usimwambie apunguze dawa. Ameshaniuliza mara mbili kama wewe umekasirika.

Mama yako,
Kibuli