Nyumba ya jirani imeandikwa "Haiuzwi": nimwendee vipi mwenyewe?

SWALI: Mimi na mke wangu tuna kiwanja kidogo Sinza, Dar es Salaam. Nyumba tunayopakana nayo anaishi mama mtu mzima, mjane, na wajukuu wake. Hajatangaza kuuza, tena ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi". Dalali anasema nimwachie yeye, atampata mama kupitia kijana wake wa kwanza. Nifanyeje, na nianze na bei gani?

JIBU: Dalali mweke pembeni kwanza. Maandishi ya namna hiyo mara nyingi hayamlengi mnunuzi mwema kama wewe. Huandikwa pale ambapo ndugu mmoja alishajaribu kuuza kinyemela, au matapeli walishaonyesha wateja nyumba isiyo yao. Huyo kijana wa kwanza huenda ndiye aliyesababisha rangi inunuliwe.

Kabla ya kupiga hodi, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, anayetunza kumbukumbu za nani anamiliki ardhi ipi. Sinza imepimwa, kwa hiyo kiwanja kina namba na kitalu chake. Tazama hasa jina. Kama hati bado ina jina la marehemu mumewe, mama hawezi kukuuzia peke yake, hata akitaka na hata akisaini. Lazima mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi, na warithi wote wajue kinachoendelea. Ukimlipa mjane kienyeji, watoto wa mke mwingine ambao hukuwahi kuwasikia wanaweza kukufikisha mahakamani. Tazama pia kama kuna rehani au zuio (pingamizi lililoandikishwa dhidi ya hati), na muda wa umiliki umebaki kiasi gani: mradi wa viwanja vya Sinza ni wa miaka ya 1970, na hati ya miaka 33 ya wakati ule imeshaisha, labda iwe ilihuishwa.

Kisha nendeni wewe na mkeo, jioni, kama majirani. Salimianeni mpaka mwisho, ndipo useme: "Mama, ikitokea siku mkafikiria kuiachia nyumba hii, tungeomba tuwe wa kwanza kuambiwa." Baada ya hapo msikilize yeye. Bei usiitaje siku hiyo, kwa sababu dau lako la kwanza ndilo litakalokuwa kima cha chini, na kesho mtaa mzima utalijua. Usiikosoe nyumba wala usigusie umri wake. Na ile ya "watoto watakuja kugombana" iache kabisa, hata kama ni kweli.

Akionyesha kutega sikio, kumbuka kwamba mtu ambaye hakuwa na mpango wa kuuza hasukumwi na pesa. Anawaza ataishi wapi, na wajukuu watasoma wapi. Hapo ndipo unapoweza kumshinda mwenye dau kubwa kuliko lako: mpe miezi 6 ya kukaa bila kodi baada ya mauzo, au mtafutie nyumba ndogo ya kubadilishana, Goba kwa mfano, ukiongezea fedha juu. Bei iachieni kwa mthamini aliyesajiliwa. Gharama yake ibebe wewe, na ripoti mama apewe nakala. Ulizeni mapema kama bei anayotaja ni pesa ya kubaki nayo mkononi baada ya kodi, maana kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, kisheria ni ya muuzaji, na wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku ya uhamisho. Ushuru wa stempu, unaolipiwa hati ya mauzo, ni wako.

Mama awe na wakili wake, asitumie wako. Utaona ni gharama ya bure, lakini ndiyo inayozuia mtu kudai baadaye kwamba bibi alirubuniwa. Lipa kupitia benki. Saini ya mjumbe na mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi tu, haviondoi haja ya kuhamisha umiliki ofisi ya ardhi.

Akikataa, mshukuru. Akisema "nikiuza nitakuambia", mwombe kwa upole ahadi hiyo iandikwe na mwenye jina kwenye hati, au msimamizi wa mirathi, atie saini, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mikataba ya kuhamisha ardhi iwe ya maandishi, na mbele ya warithi neno la mdomo halitakusaidia. Akisita hata kwa hilo, usirudi wiki ijayo na dau jipya. Subiri aanze yeye.