Farasi Akishaingia g5, Unachagua Nini?

Juzi usiku niliandikiwa na kijana wa Nansio, kule Ukerewe: "Shikamoo dada. Kwenye chesi nikishika nyeusi napigwa kila siku na ile farasi g5. Video nimeangalia mpaka bando limeisha, kila mwalimu anasema lake. Nicheze hatua gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza wakati mzuri, maana Jumapili nimemaliza mashindano ya wikiendi pale Nyegezi nikiwa juu ya jedwali, na raundi ya mwisho ilikuwa hiyohiyo farasi g5. Kwa hiyo nivumilieni, leo nitajisifu kidogo.

Kwa wanaochelewa (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao, na nyeupe ndiyo inayoanza): askari e4, askari e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, halafu nyeupe inarusha farasi wake g5. Askofu na farasi wote wawili wanaitazama f7, na wa kuilinda ni mfalme peke yake. Wataliano walishacheza mambo haya tangu karne ya 16. Tarrasch, yule Mjerumani aliyependa kufundisha kila mtu, aliidharau hatua hii akaiona ya mchezaji mbovu. Sawa, lakini hiyo hatua mbovu bado inavunja watu kila jioni hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba.

Nyeusi inajibu askari d5 kumfungia askofu njia. Nyeupe inakula. Hapa ndipo mkono unapowahi kuliko kichwa: farasi wa f6 anaona askari wa bure d5, anakula. Kisha farasi wa g5 anajitoa mhanga f7, akitishia malkia na ngome kwa pamoja. Mfalme anamla, malkia wa nyeupe anakuja f3 na cheki, yaani mfalme wako ametishiwa, na farasi wako wa d5 anashambuliwa pia. Mfalme akirudi nyuma, farasi huyo anakwenda. Ukitaka kumwokoa, mfalme wako anatembea mpaka e6, katikati ya ubao, kete zako nusu hazijatoka nyumbani. Wapo wanaojitetea kutoka hapo, na kompyuta itakuonyesha jinsi. Lakini wewe si kompyuta, na saa inakimbia.

Badala ya kula d5, hatua ninayoicheza mimi, na wakubwa wengi wanaicheza, ni farasi wa c6 kwenda a5, akimgonga askofu. Askofu anatoa cheki b5, unaziba kwa askari c6, askari wake wa d5 anamla, unakula kwa askari wa b. Umepungukiwa askari mmoja, lakini askofu wake ameguswa tena na farasi wake wa g5 hana pa kutulia.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakijaniisha moyoni. Nilipoanza kuicheza a5 pale tunapokutana jioni, kuna mzee mmoja wa chesi, simtaji, alikuwa anainua farasi wangu kwa vidole viwili na kumrudisha c6 mchezo ukiendelea. "Binti, farasi wa pembeni hafai kitu." Watu wanacheka. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nimemweka pale. Wavulana waliocheza hatua hiyohiyo aliwaita wajanja. Mimi niliambiwa nijaribu kwanza drafti. Nilikuwa nakunja ubao wangu napanda daladala nikiwa kimya, na kusema kweli wiki nyingine sikurudi kabisa.

Jumapili alikuwa meza ya pili kutoka kwangu.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa chuo, mpole, anacheza haraka. Hatua ya 8 hakumrudisha askofu e2 kama vitabu vingi vya zamani. Alimweka d3. Siku hizi wengi wanaipenda, kwa sababu askofu pale analinda e4, na farasi wa g5 anapata mahali pa kukimbilia. Mimi tawi hilo nilikuwa sijalikariri. Tulikuwa na dakika 15 kila mtu, na mashabiki wamejaa mgongoni.

Nilichofanya ndicho ushauri wangu wote. Sikujiuliza "hatua bora ni ipi". Nilijiuliza: huyu askofu amezuia nini? Amekaa mbele ya askari wake wa d2. Askari huyo asipotoka, askofu wa c1 naye hatoki. Ni kama lori limezimika mlangoni mwa kivuko cha Kamanga, walio nyuma wote wanangoja. Basi mimi muda ninao, askari mmoja haniumi. Swali la pili: ipi kati ya hatua zangu inatoa kete na kugonga kitu papo hapo? Farasi wa f6 kwenda d5. Akiondoka pale anamfungulia malkia wangu mstari mpaka g5, farasi wa nyeupe ameguswa, na mimi sijapoteza pumzi. Alirudi f3. Nikatoa askofu d6, nikamficha mfalme pembeni kwa msaada wa ngome.

Yaliyofuata ni marefu, hayana mafunzo, niyaruke. Askofu wake wa c1 alitoka wakati malkia wangu ameshafika upande wa mfalme wake. Kijana aliniinulia mkono akatabasamu. Mzee yule alichukua koti lake akaondoka bila kusubiri zawadi. Nimemwona. Sikusema neno, ila nimeandika hapa.

Ndiyo maana nawaambia, wapendwa, tunaotaka sote kufika pointi 2000 za kiwango cha mchezaji: acheni kuchagua hatua kwa sababu namba ya kompyuta ni ya kijani. Kwenye ufunguzi mkali, hatua inayofaa ni ile unayoweza kuieleza kwa maneno yako. Inagonga nini, inazuia nini, na mpinzani akijibu vibaya unamwadhibu vipi. Kama huwezi kuieleza, hiyo hatua ni ya mwenye video, si yako. Angalia cheki zote kwanza, kisha kula kote, kisha vitisho. Halafu ieleze. Nasema tena, ieleze! Vijana mnakariri hatua 14, mpinzani anabadilisha ya 8, mnabaki mnautazama ubao kama mgeni wa mji.

Na wewe wa Nansio, najua utaniuliza habari za Traxler, kwa sababu kila anayeona video anaiuliza. Yule padre wa Kicheki ambaye badala ya kuilinda f7 anatoa askofu c5 na kuacha nyumba iwake. Nyeupe ikila f7 kwa farasi, nyeusi inatoa askofu kafara f2 na moto unaanza. Tamu sana. Lakini nyeupe hailazimishwi kula kwa farasi. Inaweza kula kwa askofu na cheki, mfalme wako anasogea e7, askofu anarudi zake, na wewe umepungukiwa askari bila kuweza tena kumficha mfalme. Ukiweza kunieleza utafanya nini baada ya hapo, icheze. Ukishindwa, a5.

Ukishika nyeupe nako usirushe farasi g5 kwa mazoea. Amua kwanza hatua ya 8 askofu wako anakaa wapi, na ukimrudisha e2, nyeusi ikisukuma askari h6 farasi anakimbilia wapi. Wengi humrudisha f3. Steinitz, bingwa wa dunia wa zamani, alimpeleka h3, pembeni kabisa, na kwenye mechi yao ya telegrafu Mrusi Chigorin akamshinda. Watu wakaicheka h3 miaka mingi, mpaka mwaka 1963 Mmarekani Fischer alipoicheza dhidi ya Mmarekani mwenzake Bisguier, na Fischer akashinda. Farasi wa pembeni, huyo huyo.