Majimbo saba ya Marekani yataangukia wapi 2028? Nilichojifunza nikiwa Erie, Pennsylvania

Mleta mada umeuliza mambo mawili: kura za maoni zilikosea 2016, 2020 na 2024, sasa zina faida gani, na je, kuna njia ya kujua mapema majimbo saba yenye ushindani mkali, yaani Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada, yataangukia kwa nani 2028? Naona waliokujibu wamegawanyika. Wengine wanasema takwimu zote ni uongo, wengine wanasema fuata wastani wa kura za maoni basi. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Naishi Erie, kona ya kaskazini-magharibi ya Pennsylvania, kando ya ziwa, tangu 2011. Mwaka 2016 mchana nilikuwa kiwanda cha plastiki na jioni nilikuwa napiga simu za kura za maoni. Mwaka 2020 na 2024 nilizunguka nyumba kwa nyumba, mara nyingi nikiwa mkalimani wa Wakongo wanaozungumza Kiswahili, maana hapa wapo wengi walioletwa kama wakimbizi na sasa wana uraia. Kaunti yetu ilimpa Obama mara mbili, ikampa Trump 2016 kwa tofauti ya kura elfu mbili hivi, ikampa Biden 2020 kwa kura elfu moja na mia nne hivi, ikamrudia Trump 2024. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne barabara ya Peach inajaa waandishi wa habari, na sisi wenyeji tunaulizwa swali hili hili lako.

Nianze na simu, kwa sababu ndipo kosa linapozaliwa.

Kompyuta inachagua namba, wewe unapiga. Katika zamu ya saa nne nilikuwa napiga namba zaidi ya mia mbili, nikipata watu wanne au watano wa kumaliza maswali yote. Siku hizi ni kawaida. Shirika la utafiti la Pew lilieleza kwamba mwaka 1997 katika kila namba 100 walizopiga walipata mahojiano 36, na kufikia 2018 walikuwa wanapata 6 tu. Swali la maana ni hao sita ni akina nani. Mimi niliokuwa nawapata walikuwa walimu, wauguzi wastaafu, watu wa ofisini. Wanasikiliza hadi mwisho na kukushukuru. Aliyetoka zamu ya kiwandani anasema amechoka. Mzee mmoja aliniambia, "Mmeshaamua nani ashinde, mnanipigia wa nini?" akakata.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili: watu niliokuwa nafanya nao kazi mchana sikuwa nawakuta kwenye simu usiku. Nilimweleza msimamizi wetu. Akanijibu kwamba programu inasawazisha umri, jinsia na rangi, yaani majibu ya kundi lililopatikana pungufu yanaongezewa uzito, nisiwe na wasiwasi. Elimu haikuwemo kabisa. Zamani pengine haikuleta madhara makubwa, lakini 2016 Wazungu wenye shahada na wasio na shahada waliachana njia, kwa hiyo ukijaza sampuli yako wenye shahada, Clinton anaonekana amepaa. Baada ya uchaguzi, chama cha Marekani cha watafiti wa maoni ya umma kilichunguza kikaona hilo hilo: kura nyingi za maoni za majimboni hazikuwa zimesawazisha elimu. Kikaona pia kwamba waliokata shauri siku za mwisho, hasa Wisconsin, Pennsylvania na Florida, walielemea kwa Trump. Wisconsin wastani ulimweka Clinton mbele kwa pointi (yaani asilimia) kama sita, akashindwa kwa kura 22,748. Michigan alishindwa kwa 10,704, Pennsylvania kwa 44,292. Jumla haifiki elfu themanini, katika uchaguzi ambao nchi nzima ilipiga kura zaidi ya milioni 136.

Basi 2020 kampuni nyingi zikaingiza elimu kwenye hesabu, na bado kosa likawa kubwa. Kuna kura ya maoni iliyotoka wiki ya mwisho Wisconsin ikimpa Biden uongozi wa pointi 17. Alishinda kwa kura 20,682, chini ya pointi moja. Kwa maoni yangu, na nayasema kwa sababu nimezisikia sauti zao, watu wawili wenye umri mmoja na elimu moja si sawa kama mmoja anaamini taasisi na mwingine haziamini. Asiyeziamini hapokei simu ya mgeni, na huwezi kumsawazisha mtu ambaye hujampata.

Sasa tuje kwenye kosa linalofanywa na wasomaji, si na wapimaji. Watu huyachukua majimbo haya saba kama sarafu saba zinazorushwa kila moja peke yake. "Atachukua Georgia, mwenzake achukue Nevada, Michigan ibaki pasu kwa pasu." Kama zingekuwa sarafu kweli, uwezekano wa mgombea fulani kuyazoa yote saba ungekuwa 1 kati ya 128. Lakini mpimaji anayemkosa mfanyakazi wa kiwanda hapa Erie, atamkosa mwenzake huyo huyo Saginaw kule Michigan na Kenosha kule Wisconsin. Kosa lao ni la ukoo mmoja. Pennsylvania, Michigan na Wisconsin zimekuwa upande mmoja katika kila uchaguzi wa rais tangu 1992. Ndiyo maana 2024, wakati kila mtu anasema ni hamsini kwa hamsini, mfumo wa Nate Silver, mtakwimu maarufu wa kutabiri uchaguzi, ulionyesha kwamba tokeo moja lenye nafasi kubwa kuliko mengine yote ni Trump kuyachukua yote saba, na la pili ni Harris kuyachukua yote saba. Trump akayazoa. Kila jimbo lina idadi yake ya kura za wajumbe wanaomchagua rais: Pennsylvania 19, Georgia na North Carolina 16 kila moja, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10, Nevada 6. Hizo ni kura 93 za wajumbe, akamaliza na 312 dhidi ya 226.

Ukiangalia vizuri, kura za maoni za 2024 hazikuwa mbovu. Wastani wa majimbo hayo ulikosea kwa pointi mbili tatu, jambo la kawaida kabisa. Sampuli ya watu 1,000 ina ukingo wa makosa wa pointi 3 juu au chini kwa kila mgombea, na kwa pengo kati ya wagombea wawili ukingo huo unakaribia kuwa mara mbili. Anayekwambia fulani anaongoza kwa pointi moja hajakwambia kitu. Tatizo ni kwamba katika majimbo yote saba wastani ulimpunja mtu mmoja, Trump.

Hapo sasa mtu atasema: basi 2028 tuwaongezee Warepublikani pointi tatu, kazi imekwisha. Nakuomba usifanye hivyo. Mwaka 2012 kura za maoni zilimpunja Obama. Na hapa hapa Pennsylvania, 2022, wastani wa siku za mwisho ulimweka Oz wa Republican mbele kidogo katika kiti cha Seneti, Fetterman wa Democratic akashinda kwa karibu pointi tano. Upande ambao kosa litaangukia haurithiwi.

Vilevile usitegemee maeneo yanayosifiwa kwamba hayakosei. Missouri iliangukia kwa mshindi kila mara kuanzia 1904 hadi 2004 isipokuwa 1956, leo hakuna mgombea anayepoteza muda wake kule. Ohio ilikuwa na mshindi kila uchaguzi kuanzia 1964 hadi 2016, ikakosea 2020. Kaunti ya Vigo, Indiana, ilikosea mwaka huo huo baada ya zaidi ya miaka sitini ya kupatia. Clallam, jimbo la Washington, ilibaki peke yake ikisifiwa, ikakosea 2024. Erie yetu nayo itakosea siku moja. Erie si ramli. Faida yake ni kwamba ni mahali ambapo naweza kulinganisha leo na juzi.

Na kulinganisha ndiko ninakokutegemea. Pennsylvania ina bahati moja: daftari la wapiga kura linaonyesha chama cha kila aliyejiandikisha, na takwimu zake zinatolewa hadharani. Michigan, Wisconsin na Georgia hawana kitu hicho. Mwaka 2008 Wademokrati walikuwa wanawazidi Warepublikani hapa kwa zaidi ya milioni moja. Kufikia Novemba 2024 pengo lilikuwa chini ya laki tatu. Baadhi yao ni watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wanapiga kura ya Republican huku kadi ni ya Democratic, kwa hiyo daftari limechelewa kufuata moyo. Hata hivyo, mwelekeo wa mwezi kwa mwezi, kaunti kwa kaunti, unanieleza zaidi kuliko kura ya maoni ya watu mia tano.

Kitu cha pili ninachokifuatilia sikijui jina lake la kitaalamu. Ni tofauti kati ya mtu aliyehama na mtu aliyebaki nyumbani. Mwaka 2024 nilibisha hodi kwa mama mmoja wa Kikongo upande wa mashariki wa mji, ambaye 2020 nilimsindikiza mwenyewe kituoni, kura yake ya kwanza maishani, amevaa kitenge kipya. Safari hii akanikaribisha chai na maandazi, akaniambia, "Kaka, kodi ya nyumba imepanda, chakula kimepanda, nikapange foleni kwa ajili ya nani?" Hakuwa amemhamia Trump. Alikuwa amekata tamaa. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na ingawa baadaye kasi ilishuka, bei zenyewe hazikurudi chini, na yeye alikuwa anahesabu bei. Nilitoka pale na moyo mzito, kwa sababu nyumba tatu zilizofuata niliambiwa maneno yale yale. Matokeo yalipotoka, Philadelphia ikaonyesha jambo hilo kwa ukubwa wake: Harris alipata kura pungufu kama 35,000 kuliko Biden, lakini Trump aliongeza kama 11,000 tu. Waliobaki nyumbani hawaonekani vizuri kwenye kura za maoni, kwa sababu karibu kila anayepokea simu husema atapiga kura.

Wakati mwingine kuhama kwenyewe ni kwa jamii moja na kwa sababu yake. Dearborn, Michigan, mji wenye Waarabu wengi, mwaka 2020 ulimpa Biden ushindi mkubwa sana; 2024 Trump aliongoza pale, sababu kubwa ikiwa Gaza. Hilo halikuwa siri. Katika mchujo wa chama cha Democratic wa Februari 2024, zaidi ya watu laki moja jimboni humo walipiga kura ya "sina msimamo" badala ya kumpigia Biden. Kura halisi ya watu halisi miezi minane kabla ni ushahidi mzito, usiupuuze.

Kura za mapema ni jambo jingine, na hapo nakutahadharisha. Nevada kuna mwandishi mkongwe, Jon Ralston, ambaye kwa miaka mingi amezisoma kura za mapema za Clark na Washoe, kaunti mbili kubwa za jimbo hilo, na kupatia. Mwaka 2024 alitabiri Harris kwa pointi 0.3, Trump akashinda kwa tatu. Wapiga kura wasio na chama walikuwa wengi, na bahasha hazisemi kilichomo ndani.

Usiku wa kuhesabu, sahau anayeongoza. Sheria ya Pennsylvania hairuhusu kufungua kura za posta kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Mwaka 2020 Trump alikuwa mbele kwa zaidi ya laki sita Jumatano asubuhi. Ijumaa Biden akampita, akashinda kwa 80,555. Majirani zangu walioangalia namba ya juu tu hadi leo wanaamini kura ziliibwa, na inaniuma, kwa sababu utaratibu ulitangazwa wiki nyingi kabla. Tafuta kaunti iliyomaliza kuhesabu, hata kama iko jimbo lisilo na ushindani, uilinganishe na yenyewe miaka minne nyuma. Florida huhesabu haraka. Mwaka 2024 mapema usiku Miami-Dade, iliyompa Biden uongozi wa pointi saba 2020, ilimpa Trump uongozi wa pointi kama kumi na moja. Niliiona nikiwa sebuleni, nikamwambia mke wangu Pennsylvania imekwenda, wakati kwetu masanduku bado yanafunguliwa.

Kwa 2028, hesabu ya wajumbe haibadiliki, maana mgawo wa sasa unatumika hadi sensa ya 2030. Nikitakiwa niweke makadirio leo, naweka uwezekano mkubwa kwamba Pennsylvania, Michigan na Wisconsin zitakuwa pamoja tena, na kwamba mshindi atachukua angalau matano kati ya saba hata kama kila wastani utasema ni sare. Jina la mshindi nitaanza kuligusa baada ya kuona daftari la Septemba 2028 na kura halisi za uchaguzi wa Bunge wa 2026.

Kama kuna ndugu hapa anayeishi Dearborn, Gwinnett (Georgia), Milwaukee (Wisconsin) au Las Vegas (Nevada), naomba aandike anachokisikia milangoni na dukani, hasa kutoka kwa watu waliopiga kura 2020 wakakaa nyumbani 2024. Mimi nitakuwa naleta hesabu ya daftari la Erie kila mwezi.