Handaki la barabara chini ya mji: vumbi ni dogo, ogopa pampu ya maji

Mkuu wa Stockholm umeuliza handaki la magari likichimbwa karibu na kwenu uhofie nini, vumbi, kelele au moshi. Ngoja nikujibu kwa niliyoyaona, maana nilikuwa msaidizi wa sevea, yaani mpima ardhi, Seattle, Marekani, wakati wanachimba handaki la barabara ya 99, kazi yangu kupita alfajiri kusoma vipimo kwenye majengo ya zamani ya Pioneer Square. Mimi si injinia, nilikuwa mshika fimbo tu, kwa hiyo mainjinia wa humu mnisahihishe taratibu.

Vumbi dogo sana. Linamwagiwa maji, malori yanaoshwa matairi kabla ya kutoka getini, yameisha. Kelele ina mita yake na usiku kuna kiwango, na majirani wa kule wanapiga simu hata mita haijafika popote. Cha kuogopa ni maji ya chini ya ardhi, hayo hayaonekani na hayapigi kelele.

Elewa kwanza pale pakoje. Sehemu kubwa ya ule mtaa ni ardhi ya kujazia, zamani palikuwa tope la bahari, watu wakamwaga pumba za mbao za kiwanda cha magogo, majivu, takataka, halafu mji ulipoungua 1889 wakapandisha barabara juu kiasi kwamba zilizokuwa ghorofa za chini zikabaki chini ya barabara. Majengo ya matofali yanakaa juu ya mchanganyiko huo. Sasa hapo jirani ndo ikaja mashine ya kipenyo cha mita 17.5, wameipa jina Bertha, kwa kumkumbuka meya wa kwanza mwanamke wa mji huo, na kipindi hicho hakukuwa na kubwa kuliko hiyo duniani.

Ilianza Julai 2013, Desemba ikasimama, imechemka. Mashine ya aina ile hairudi nyuma, maana kila ikisogea inajenga ukuta wa zege nyuma yake, kwa hiyo ikabidi wachimbe shimo la kama mita 36 mbele yake ili waitoe kichwa wakitengeneze. Na hapo hapo katikati ya kuchimba kazi ikasimama tena, wamekutana na rundo la magamba ya baharini, wakaitwa watu wa mambo ya kale waangalie kama si mabaki ya wenyeji wa asili. Kule hilo hawalichezei.

Shimo la namna hiyo pembeni ya bahari hulichimbi bila kupampu. Wakapampu. Desemba 2014 vipimo vikatoka, ardhi imeshuka kama sentimita 3, na si pale shimoni tu, mpaka mitaa ya jirani na ile flaiova ya 1953, ambayo handaki lilikuwa linakuja kuchukua nafasi yake, iliyokuwa imeshachoka tangu tetemeko la 2001. Maji yakiwa kwenye udongo yanasaidia kubeba uzito, ukiyatoa chembe zinabanana, ardhi inakaa chini. Magogo ya misingi nayo yakiwa majini yanadumu miaka mingi, ila maji yakishuka yakaguswa na hewa yanaanza kuoza.

Tena kushuka kwenyewe sio kesi sana kama jengo zima linashuka pamoja, kesi ni kona moja ishuke nyingine ibaki, hapo ndo ukuta unachanika. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka, chini ya duka lake tumegandisha kipimo cha ufa, ni vipande viwili vya plastiki, kimoja kina mistari kama karatasi ya grafu, kingine kina msalaba mwekundu, kimoja kila upande wa ufa, msalaba ukihama unajua ukuta umetembea. Yeye haviamini. Kachora mstari wa penseli mwisho wa ufa, kaandika tarehe, na kila nikishuka na tochi ananiuliza, "Wewe umeona nini?" kabla hajanionyesha wa kwake. Nilichojifunza kwake, mkuu, piga picha za kuta zako SASA, kabla mashine haijafika, zenye tarehe, na ukiweza mwombe mkandarasi naye aje apime ukiwepo. Ufa usio na picha ya kabla huna pa kuupeleka.

Halafu uliza usawa wa maji unapimwa kwenye visima vingapi na ukishuka wanafanya nini, wanasimamisha pampu au wana visima vya kurudishia maji ardhini. Huko kwenu ni mwamba, najua, ila mwamba una nyufa, maji yanavujia handakini, na nyumba iliyo juu ya udongo wa mfinyanzi inaweza kushuka hata kama iko mbali kidogo na njia.

Maji wanayotoa nayo yasiende mtoni hivi hivi. Yakigusa zege bichi yanakuwa makali kama ya chokaa, samaki hawayawezi, wanapuliza kaboni dioksaidi, ileile ya kwenye soda, mpaka pH, kipimo cha ukali huo, ishuke. Jimbo la Washington, ndilo lenye Seattle, kiwango cha saiti za ujenzi ni pH kati ya 6.5 na 8.5, na tope lisizidi 25 kwenye kifaa cha kupima utope wa maji. Udongo je? Unatoka na povu kama uji uliochemka ukamwagika, kwa sababu mashine inaupulizia dawa ili ulainike. Ule wa Bertha ulipita kwenye mkanda mpaka kwenye tishari, ukapelekwa kujaza machimbo ya zamani ya mawe ya Mats Mats. Hilo mimi nawapa maksi zote, fikiria malori yote hayo yangepita katikati ya mji.

Moshi wa magari kule unatolewa na feni kwa mabomba marefu ya njano kila mwisho wa handaki, kwa hiyo haupotei, umehamishwa tu, we angalia mabomba yenu yanakaa karibu na shule ya nani.

Bertha ilitokeza Aprili 2017, magari yakaanza kupita Februari 2019, flaiova wakaibomoa, kifusi chake wakajazia handaki lingine la zamani, la Battery Street. Yule mama alinionyesha penseli yake mara ya mwisho ninaondoka kazini, ufa ulikuwa umevuka mstari kama upana wa kucha.