Mdogo wako huenda hajarudia unga, waulize kuhusu dawa za TB

Pole sana dada. Unasema mdogo wako alikuwa ametulia kabisa na methadoni, ile dawa ya kunywa kila siku badala ya unga (heroini), lakini tangu aanze dawa za TB wiki mbili zilizopita anaamka na arosto, yale mateso ya mwili kukosa dozi, na nyumbani mnaamini ameanza tena kujidunga. Kabla hamjamfukuza, nisikilize. Mimi nimepita hapohapo.

Nilianza kunywa methadoni Mwananyamala mwaka 2013. Kikombe cha asubuhi kilikuwa kinanifikisha kesho yake bila shida. Nikapimwa makohozi, nikakutwa na TB, nikaanzishiwa dawa kituo kingine. Siku ya kumi hivi, saa nane usiku, miayo haikatiki, kamasi na machozi vinatiririka, tumbo linasokota, vinyweleo vimesimama na joto lote lile la Dar. Nilipoeleza pale kituo cha TB, nikajibiwa mbele ya foleni nzima kwamba teja haishiwi uongo. Niliona aibu mno. Nikaacha vidonge siku nne.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa dirisha la methadoni. Aliniangalia tu usoni akauliza, "Umeanza dawa gani nyingine?" Kumbe ni rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Inalifanya ini livunje methadoni haraka, dozi inaisha mwilini kabla ya saa 24. Daktari akanipandishia kidogo kidogo, na vidonge vya TB nikapangiwa kuvimeza palepale dirishani. Sehemu moja, nauli moja, na watu wanaonijua. Nikamaliza miezi sita yote. Huduma zikitenganishwa, sisi ndio tunaodondokea katikati.

Kesho asubuhi mpeleke kliniki ya methadoni na pakiti zote za dawa, pamoja na kadi yake ya TB. Kama anatumia ARV waonyeshe pia, maana efavirenzi, mojawapo ya ARV, nayo hushusha methadoni mwilini. Kliniki hizi zipo tangu ya kwanza ilipofunguliwa Muhimbili 2011, jambo hili wanalifahamu. Asiache TB hata siku moja, wala asinunue valiamu mtaani ili alale: ikichanganyika na methadoni inaweza kumkata pumzi.

Na akimaliza dawa za TB awaambie mapema wamshushie dozi, kwa sababu ini likitulia, dozi ileile inaweza kumzidi.

Nenda naye mwenyewe, ukae naye kwenye benchi. Mimi nilikaa na mama.